Duka la kale la mfanyabiashara lililogeuzwa makumbusho, Tokyo: niende lipi na niangalie nini?

Mwanaidi_K aliandika:

Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi ujao nitakuwa Tokyo kwa mafunzo, malazi yapo karibu na stesheni ya Ueno. Nafasi nitakayopata ni Alhamisi moja kuanzia saa nane mchana, na Jumapili nzima. Mahekalu na maghorofa nitayaona na wenzangu kwa basi la wenyeji wetu. Mimi nataka kuingia duka la zamani la mbao, lile ambalo tajiri aliuza mbele na familia ikaishi nyuma, likiwa limekarabatiwa na vifaa vyake vimo ndani.

Niende lipi? Kiingilio shilingi ngapi, yaani yeni ngapi? Nikishaingia niangalie nini, maana sitaki kuzunguka dakika tano nikatoka na picha tupu? Kijapani sisomi hata herufi moja. Nitafuatana na mama mmoja wa makamo, magoti yanamsumbua.

Njia_ya_Nezu aliandika:

Dada Mwanaidi, kwa Alhamisi usihangaike kwenda mbali. Panga kwenda duka la zamani la pombe la Yoshidaya, mtaa wa Ueno-Sakuragi. Ni tawi la Makumbusho ya Shitamachi ya wilaya ya Taito na kiingilio ni bure. Hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, hufungwa saa kumi na nusu jioni. Jumatatu hakuna kitu, na Jumatatu ikiangukia sikukuu hufungwa siku ya kazi inayofuata. Mwisho wa mwaka pia hufungwa. Kwa hiyo mkitoka darasani saa nane mnayo saa moja na nusu au mbili, na zinatosha kabisa. Stesheni ya karibu kwa treni ya chini ni Nezu, line ya Chiyoda, kama dakika 10 kwa miguu. Kutoka Ueno mkikatiza bustani na kupita chuo kikuu cha sanaa, hesabu dakika 15 hadi 20, na kwa mwenye magoti ongeza. Duka lipo kwenye kona ya njia panda, ng'ambo yake kuna mkahawa wa zamani wa Kayaba, nao uko kwenye nyumba ya mbao ya 1916.

Jengo lenyewe ni la 1910. Lilisimama mtaa wa Yanaka jirani hapo, likafanya biashara mpaka 1986, kisha likafunguliwa boriti kwa boriti na kusimamishwa upya lilipo leo. Yanaka ni miongoni mwa sehemu chache za Tokyo zilizonusurika kwa kiasi kikubwa tetemeko la 1923 na mabomu ya 1945. Ndiyo maana duka la namna hii lilibaki mtaani likiuza, wakati sehemu nyingine za mji zilishaungua mara mbili.

Usiingie haraka. Simama kwanza upande wa pili wa barabara uangalie upenu. Boriti inayobeba ukingo wa paa imesukumwa nje ya ukuta, inashikiliwa na mikono ya mbao inayotokeza. Upenu mrefu namna hiyo unakinga jua na mvua ili mbele ya duka pabaki wazi kutwa nzima, na pia ulikuwa njia ya tajiri kuonyesha kwamba mbao nene anazimudu.

Halafu angalia mlango, maana watu wengi wanaupita bila kuuona. Mchana hauonekani kwa sababu umepanda juu. Mbao pana za mlalo zinateleza kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya nguzo, zinasukumwa juu moja baada ya nyingine na kufichwa nyuma ya boriti ya mbele, zikishikiliwa na vipingo vidogo. Usiku zinashushwa na duka linakuwa ukuta mtupu. Tafuta ile mifereji kwenye nguzo kwa macho (usiweke vidole). Utaona kingo zake zimelika kwa miaka ya kupandisha na kushusha. Ubaya wa mlango wa aina hii ni mvua za Juni na Julai, mbao huvimba kwa unyevu na kukwama katikati. Kwa hiyo mifereji hupewa nafasi kidogo, na hewa ikiwa kavu nafasi hiyohiyo ndiyo inayopitisha upepo na vumbi.

Ndani kuna sakafu ya chini kwa ajili ya wateja na mizigo, na sakafu iliyoinuliwa kwa ajili ya muuzaji na hesabu zake. Mteja hakuwa na haja ya kuvua viatu, alikaa ukingoni mwa ile sakafu ya juu miguu ikiwa chini, bei zikazungumzwa hapo.

Bwana_Mizani aliandika:

Naongezea upande wa vipimo, kwa sababu kwenye duka la pombe biashara yote iko hapo. Pombe ya mchele, mchuzi wa soya na miso (rojo la soya lililochachushwa) havikuja vimefungwa tayari. Vilikuja kwa mapipa ya mbao za sugi (mwerezi wa Kijapani), na pipa la kawaida lilikuwa la to 4, sawa na lita 72. Mpangilio wao uko hivi: go ni mililita 180, go 10 ni sho moja (lita 1.8), sho 10 ni to moja (lita 18). Mwenye jiko la umeme la wali kutoka Japani ana go nyumbani tayari: kile kikombe cha plastiki kinachokuja nalo ni mililita 180.

Kipimo chenyewe ni kisanduku cha mraba kisicho na mfuniko, ndugu wa pishi na kibaba chetu. Vinapangwa kwa ukubwa, utaviona rafuni. Kwenye vimiminika kilijazwa mpaka mdomoni, kikamiminwa kwa faneli ya mbao. Kwenye maduka ya nafaka kulikuwa na kijiti cha duara cha kupitisha juu ili kipimo kiwe cha mfuto. Ukikuta kisanduku chenye bamba la chuma mdomoni, bamba hilo ni la kuzuia ujanja. Mdomo wa mbao tupu ukikwanguliwa kidogo kila mwaka, mteja anapunjwa bila kujua. Angalia pia alama za kuchomwa kwa chuma ubavuni. Hizo ni za ukaguzi wa serikali. Sheria ya zamani ya vipimo ya Japani ilitungwa 1891, na vipimo vya jadi vilipigwa marufuku kwenye biashara kuanzia 1959, ila chupa ya lita 1.8 bado inauzwa mpaka leo.

Kitu kingine cha kutazama kwa karibu ni chupa za udongo zenye maandishi makubwa meusi. Watu huzipiga picha wakidhani ni mapambo. Zilikuwa mali ya duka: mteja anaazimwa, anapimiwa, anarudi nayo ikiisha. Maandishi yale ni jina la duka, na mara nyingine mtaa na namba, ili chupa ikipotea ijulikane kwao ni wapi. Duka la mtaani liliishi kwa wateja wa kurudi, na lile daftari nene la karatasi lililotundikwa kwa kamba ndilo lilikuwa na madeni yao. Daftari hilo lilikuwa la kwanza kuokolewa moto ukitokea, kabla ya bidhaa.

Kwenye meza ya hesabu, ile fupi iliyozungushiwa kiuzio cha vijiti, kuna soroban, ubao wa shanga wa kuhesabia. Hesabu shanga. Za zamani zina shanga 5 chini ya kizuizi, na juu 2 au 1. Za kisasa ni 4 chini na 1 juu, mtindo ulioenea kuanzia miaka ya 1930. Ukikuta ya 4 na 1 kwenye meza inayosemekana ni ya enzi ya Meiji (1868 hadi 1912), ujue imewekwa baadaye kujaza nafasi. Hilo si kosa kubwa, makumbusho mengi hufanya hivyo, lakini ni vizuri kujua unaangalia nini.

Mwanaidi_K aliandika:

Hapa nimepata cha kuangalia. Asanteni sana. Sasa Jumapili? Nimesikia watu wanasifia mji wa Kawagoe.

SaitamaKwetu aliandika:

Kawagoe nenda. Treni ya Tobu Tojo kutoka Ikebukuro, ya mwendo wa haraka, ni kama nusu saa, na Ikebukuro kutoka Ueno ni line ya Yamanote moja kwa moja. Kutoka stesheni ya Kawagoe hadi barabara ya maduka ya kale ni kama dakika 20 kwa miguu, kwa hiyo huyo mama mpandishe basi.

Maduka ya Kawagoe hayafanani kabisa na Yoshidaya. Ni maghala mazito meusi. Sababu ni moto wa 1893 uliounguza nyumba zaidi ya 1,300, karibu theluthi ya mji. Majivu yalipopoa, watu wakaona kilichobaki kimesimama ni majengo ya kuta za udongo, ikiwemo nyumba ya Osawa iliyojengwa 1792, ambayo ipo hadi leo. Wafanyabiashara waliokuwa na fedha wakajenga upya kwa mtindo huohuo. Eneo lilitangazwa kuwa la kuhifadhiwa na taifa 1999. Mji una mnara wa mbao wa kengele, hulia mara nne kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Kuhusu jumba lenyewe la makumbusho ya kurazukuri (yaani majengo ya mtindo huo wa ghala), lililokuwa duka la jumla la tumbaku la 1893, lilifungwa kwa kazi ndefu ya kuliimarisha dhidi ya tetemeko. Angalia kwanza tovuti ya mji kabla ya kulitegemea.

Njia_ya_Nezu aliandika:

Kawagoe Jumapili? Hapana, mkuu. Ile barabara ina magari, ina basi, vijia vya pembeni ni vyembamba, na Jumapili mchana watu wamejaa wanakula viazi vitamu. Mtu wa magoti atasukumwa kutwa. Na maduka mengi kati ya yale bado ni maduka, utaona kuta kwa nje na ndani utaona vikombe na sumaku za friji. Kawagoe ni ya siku ya kazi asubuhi.

Jumapili nendeni Koganei, kwenye jumba la makumbusho la wazi la usanifu la Edo-Tokyo. Kutoka Shinjuku panda treni ya haraka ya line ya Chuo hadi stesheni ya Musashi-Koganei, kama nusu saa, kisha basi la dakika 5 hadi bustani ya Koganei. Kiingilio mtu mzima yeni 400. Aprili hadi Septemba linafungwa saa kumi na moja na nusu jioni, Oktoba hadi Machi saa kumi na nusu, na mwisho wa kuingia ni nusu saa kabla. Lilifunguliwa 1993, lina majengo 30 yaliyohamishwa kutoka sehemu mbalimbali za Tokyo. Nendeni upande wa mashariki moja kwa moja, huko kuna mtaa mzima wa maduka: duka la mchuzi wa soya la Kodera la 1933, duka la jumla la miavuli ya karatasi la Kawano la 1926, duka la vifaa vya kuandikia la Takei la 1927 lenye ukuta wa droo ndogo zaidi ya 300, kila droo na aina yake ya brashi au karatasi. Kodera lina upenu wa boriti iliyosukumwa nje kama Yoshidaya, kwa hiyo mkitoka kuona lile Alhamisi mtaanza kulinganisha wenyewe.

Yale yenye uso wa shaba ni hadithi nyingine. Baada ya moto wa tetemeko la 1923, wenye maduka madogo hawakuweza kumudu udongo mnene wa kuzuia moto, wakapigilia mabati ya shaba mbele ya nyumba za mbao. Kwenye nyumba ya Uemura ya 1927 tazameni shaba ya mbele, ina matundu ya vipande vya mabomu ya vita. Walioikarabati waliyaacha makusudi.

Eneo lote ni hekta 7 na limetandawaa tambarare. Mama atachoka kidogo, lakini hatapanda vilima.

SaitamaKwetu aliandika:

Kwa Jumapili nakubali, umati ni kweli. Ila asiseme ameona duka la tajiri wa Japani kama hajaona ukuta wa ghala kwa karibu.

Fundi_Chokaa aliandika:

Ukuta huo anaweza kuuelewa popote atakapoukuta, akijua umejengwaje. Ndani ni fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba za majani ya mpunga. Unabandikwa udongo uliochanganywa na majani ya mpunga yaliyokatwakatwa na kulowekwa hadi yakaanza kuoza, maana ule utelezi ndio unaoshika. Tabaka linafuata tabaka mpaka unene unafika kama sm 30. Kila tabaka lazima likauke na kupasuka mpaka limalize kupasuka, ndipo linalofuata lipigwe. Ghala zuri lilichukua mwaka na zaidi. Mwenye haraka alipopiga chokaa juu ya udongo mbichi, udongo ulisinyaa chini yake na chokaa ikabanduka vipande vizima. Chokaa ya mwisho inachanganywa na nyuzi za katani na gundi ya mwani uliochemshwa. Ile nyeusi ina masizi ndani na husuguliwa kwa mkono hadi ing'ae. Nyeusi ni ghali kuliko nyeupe na kila doa linaonekana.

Milango na madirisha ya ghala hayo yana kingo za ngazi, bawa moja linaingia kwenye lingine. Moto ukikaribia yalifungwa na nyufa zikazibwa kwa udongo wenye maji uliokuwa umewekwa tayari. Mwanya wa kidole ulitosha kuingiza cheche na kuunguza kila kitu ndani huku ukuta ukibaki mzima. Leo maadui ni maji: ukingo wa paa ukivuja, chokaa huanza kubanduka juu, maji ya ardhini yakipanda, huanza chini. Tazama sm 50 za mwisho za ukuta wowote wa ghala utajua kama jengo linatunzwa.

Kwa upande wa mbao, kuna njia ya kujua kipi cha asili na kipi kimewekwa. Jengo likifunguliwa ili likarabatiwe, kila kipande hupewa namba. Sehemu inayooza kwanza ni mguu wa nguzo, kwa sababu ncha ya mbao hunyonya unyevu kutoka kwenye jiwe la msingi. Hawatupi nguzo nzima. Wanakata sehemu mbovu na kuunga mguu mpya kwa kiungo cha kuchonga, bila gundi wala boliti. Piga jicho chini ya goti lako kwenye kila nguzo, utaona mstari wa kiungo na rangi mbili za mbao, hata kama mpya imepakwa rangi ifanane. Kwenye majengo yaliyokarabatiwa kwa utaratibu wa urithi wa taifa, mbao mpya huchomwa alama ya mwaka wa ukarabati, ila alama mara nyingi iko upande usioonekana.

Mwanaidi_K aliandika:

Viatu je? Na kama maelezo yote ni ya Kijapani nitajuaje mwaka?

Mzee_wa_Soksi aliandika:

Viatu: vaeni vya kuvua bila kuinama, na soksi nzima. Msiende peku, na majira ya baridi vaeni soksi nene, zile sakafu za mbao zinauma. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni hatua ya kama sm 40 hadi 45. Huyo mama asiipande kwa goti moja. Akae ukingoni, avue, ageuze miguu, ndivyo palivyotumiwa tangu zamani. Viatu vielekezwe ncha kwenye mlango. Mkipewa sapatu, zivueni kabla ya kukanyaga tatami (mikeka minene ya sakafuni). Msikanyage kizingiti wala ukingo wa kitambaa wa tatami, kizingiti kikilemewa milango ya kuteleza hukwama. Fimbo ya kutembelea ifutwe ncha kwanza, na muulize mhudumu kama inaruhusiwa juu ya tatami.

Mabegi ya mgongoni yabebwe kifuani. Ndiyo yanayovunja vitu kuliko mikono. Mrefu ainame: kizingiti cha juu kwenye nyumba za zamani kiko sm 173 hadi 176 tu. Ngazi zenye droo chini yake zina mwinuko mkali na hazina pa kushika. Ghorofa likiwa wazi, mama abaki chini, nawe ukishuka geuka uso uelekee ngazi. Picha bila flashi kwa kawaida ni sawa, vijiti vya selfi na stendi sivyo.

Miaka: Wajapani huihesabu kwa enzi ya kila mfalme. Tafuta herufi mbili za enzi, kisha namba ya mwaka inayofuata ijumlishe hivi. 明治 (Meiji) ongeza 1867. 大正 (Taisho) ongeza 1911. 昭和 (Showa) ongeza 1925. 平成 (Heisei) ongeza 1988. 令和 (Reiwa) ongeza 2018. Yoshidaya ni Meiji 43, yaani 43 na 1867, unapata 1910. Namba zikiandikwa kwa herufi, 一 ni 1, 二 ni 2, 三 ni 3, 四 ni 4, 五 ni 5, 六 ni 6, 七 ni 7, 八 ni 8, 九 ni 9, 十 ni 10, kwa hiyo 四十三 ni 43. Simu yenye kamera ya kutafsiri inasaidia kwenye kadi za maelezo zilizochapwa. Kwenye maandishi ya brashi ya mabango na madaftari inatoa upuuzi, usiiamini.

Njia_ya_Nezu aliandika:

Jambo moja la Alhamisi. Fikeni Yoshidaya kabla ya saa tisa na nusu, si saa kumi kasoro. Mwanga wa jioni unaingia chini chini kutoka mbele na nyuma ya duka panakuwa giza, hamtaona alama za vipimo wala mifereji ya mlango.

Mwanaidi_K aliandika:

Sawa. Alhamisi Yoshidaya, Jumapili Koganei upande wa mashariki, na Kawagoe nikibahatika asubuhi ya siku ya kazi. Soksi nzima nimeandika.